Vanishi Inang'aa, Gogo Linaoza: Soma Hii Kabla Mvua Ikupate na Keja ya Mbao

Naivasha, Nanyuki, Limuru, siku hizi ni kebini za magogo tu. Maboyz wanachanga doo, wanajenga moja, wanaipiga picha jioni moto ukiwaka, na wageni wanaanza kuingia. Mwaka wa kwanza form ni safi. Mwaka wa nne unabonyeza gogo la chini na kidole kinazama. Fundi anacheki tu, anakwambia: "Hili litoke lote."

Shida huanza wapi? Wasee wengi hudhani kung'aa ndio kulindwa. Wanapaka ile vanishi isiyo na rangi, lakini miale ya jua inapita ndani yake na kuvunja gundi asili inayoshika nyuzi za mbao. Na Nanyuki iko palepale kwa ikweta, jua halichezi. Mbao inageuka kijivu, vanishi inabanduka, maji yanaingia kwa nyufa halafu yanakwama huko chini. Mbao ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20, hapo umekaribisha kuvu.

Afadhali steni yenye rangi ya kahawia, ile inaingia ndani ya mbao. Rangi yake ndio huzuia jua. Haibanduki kama ngozi ya nyoka, na kurudia ni rahisi: osha, kausha, paka tena, kila miaka 2 au 3 hivi.

Utajuaje imeisha? Mwagia ukuta maji kidogo. Yakifanya matone na kuteleza, uko poa. Yakinyweka na mbao igeuke nyeusi, nunua brashi. Anza na ukuta unaochapwa zaidi na jua na mvua, huo huchoka mapema.

Cheki pia hizi:

1. Ncha za magogo. Hapo palipokatwa hunywa maji kama mrija. Paka mara mbili ama tatu.

2. Nyufa zinazotazama juu. Hizo ni vikombe vya mvua, ziba. Zinazotazama chini wacha, maji hutoka yenyewe.

3. Chini ya nyumba. Gogo lisiguse udongo. Ukiona vijia vya matope vikipanda msingi, hao ni mchwa, na saiprasi kwao ni chakula. Kiini cha mtarakwa huwasumbua, lakini bei yake si mchezo.

4. Mabati na gata. Paa likitokeza vizuri nje ya ukuta, nusu ya kazi umemaliza.

Na ile oil chafu ya gari? Wacha kwa garage. Inanuka, inashika moto na inachafua udongo.

Fanya hii kazi Januari ama Februari mbao ikiwa kavu, kabla mvua ya Machi. Kopo la steni ni pesa, ndio, lakini kubadilisha gogo lililobeba nyumba nzima ni stori ingine kabisa.