Ziwa Tanganyika: mota ikiibwa na wavu ukipotea, nani anamlipa mvuvi?

Jua linapozama kwenye mwambao wa Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, wavuvi husukuma mitumbwi majini wakiwa na taa, nyavu na mota. Usiku usio na mbalamwezi ndio wakati wa ndakala, kwa sababu samaki hao wadogo hufuata mwanga. Asubuhi akina mama huwasubiri kwenye mchanga ili wanunue na kuanika. Kati ya jioni na asubuhi hiyo, mali yote ya familia iko juu ya maji, na mara nyingi haina bima, au asiransi kama wengi wanavyoiita.

Hatari ni nyingi. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huinua mawimbi makubwa. Kuna pia majambazi wenye silaha wanaovamia wavuvi usiku na kuwanyang'anya mota na nyavu. Ziwa hili lina urefu wa kilometa 670 hivi na linagawanywa na nchi 4: Congo, Tanzania, Burundi na Zambia. Mota iliyoibwa upande huu inaweza kuvushwa hadi ng'ambo kabla mwenyewe hajafika nchi kavu kutoa taarifa.

Tuseme mvuvi amekopa dola 1500 kununua mota. Ikiibwa baada ya miezi 2, deni linabaki palepale. Wale aliokuwa akivua nao wanakosa kazi, mama aliyemtangulizia pesa ya samaki anadai, na watoto wanaweza kurudishwa nyumbani kwa kukosa pesa ya masomo.

Kwa sasa, kinga ya wengi ni chama. Katika vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyojulikana kama AVEC, kila mwanachama hutoa pia kiasi kidogo kwa ajili ya sanduku la mshikamano. Sanduku hilo husaidia wakati wa ugonjwa au msiba, lakini ni vigumu linunue mota mpya. Tena, dhoruba moja inaweza kupiga mitumbwi ya wanachama wote usiku mmoja, na hapo wote wanahitaji msaada kwa wakati uleule. Kampuni ya bima huchanganya watu wa sehemu na kazi mbalimbali, ili hasara ya ufuo mmoja ibebwe na wengi.

Nchini Congo, kampuni ya serikali SONAS, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake kwenye soko la bima kwa miaka mingi. Sheria ya Machi 17, 2015 ilifungua mlango kwa kampuni za watu binafsi, na za kwanza zilipewa ruhusa mwaka 2019. Zote husimamiwa na mamlaka iitwayo ARCA. Hata hivyo, mwananchi wa kawaida hujua bima ya gari au ya pikipiki tu, ile anayoulizwa barabarani.

Bima hiyo ya barabarani hulipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine. Huko Ufaransa vilevile, mwindaji hawezi kuwinda bila bima ya kulipia atakayemjeruhi, lakini bunduki yake ikiibwa, bima hiyo hairudishi kitu. Kwa hiyo mvuvi anayetaka kulinda mota na nyavu lazima aulize wazi: mkataba unalipa vyombo vyangu, au unalipa tu wale nitakaowagonga?

Kuna maswali mengine ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Je, wizi wa ziwani umo, au ni wizi wa nyumbani tu? Mota ya miaka 5 italipwa kwa bei ya mpya au ya kuukuu? Sehemu gani ya hasara itabaki kwa mvuvi mwenyewe? Mara nyingi mikataba huacha nje hasara za vita, jambo zito kwa mashariki mwa nchi. Na anayevua kwa chandarua au wavu mwingine uliokatazwa asitegemee kulipwa.

Bima ya vyombo pia hailipi siku ambazo mtu hakuvua. Nchi za ziwa zilifanya makubaliano ya kufunga uvuvi kwa miezi 3, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki waongezeke. Kwa kipindi hicho, akiba ndiyo inayobaki.

Hata kabla ya kampuni yoyote kufika ufuoni, kazi moja inaweza kuanza leo. Mota nyingi hununuliwa mkononi, bila karatasi, na asiye na ushahidi hawezi kudai bima wala kushitaki mwizi. Kutunza risiti, kuandika namba ya mota, kupiga picha ya mtumbwi na kuandikisha vyombo katika daftari la chama hakugharimu sana. Chama chenye daftari la namna hiyo kinaweza kwenda kwa kampuni ya bima kwa niaba ya wanachama wote na kujadili bei, jambo ambalo mvuvi mmoja hawezi kulifanya peke yake.