Joto, Maji na Kivuli: Faida na Hasara za Kuishi kati ya Ziwa Viktoria na Nyika ya Shinyanga

Watu wa nchi za baridi huwahusudu wale wanaoishi katika nchi ya joto iliyo kando ya maji mengi. Hudhani kwamba huko jua ni burudani, samaki hawaishi, na mimea huota bila kubembelezwa. Mkazi wa nchi hiyo naye aghalabu huliona joto kuwa ni adha inayoleta uchovu, ukame na homa. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Kwa mtazamo wa sayansi, kazi kubwa ya joto ni kuharakisha mambo. Penye joto mbegu huchipua upesi na dagaa hukauka upesi; lakini maji nayo hupotea upesi, na vimelea vya magonjwa hukomaa upesi. Kwa hiyo mtu anayetaka kupima faida na hasara za nchi ya joto hana budi kuuliza: katika nchi hiyo, joto limekuta nini cha kuharakisha?

Swali hili linaweza kuchunguzwa vizuri katika ukanda wa kusini ya Ziwa Viktoria, kuanzia Geita penye migodi ya dhahabu hadi Shinyanga penye nyika ya migunga. Sehemu hizi mbili hupata jua lile lile, ila hazina maji sawa, wala historia ya misitu yake si moja.

JUA MOJA, NCHI MBILI

Geita iko kiasi cha nyuzi 3 kusini ya Ikweta, na Shinyanga kiasi cha nyuzi 3 na nusu. Mahali pote pawili jua hupita utosini mara mbili kila mwaka. Hata hivyo, hakuna joto kali kama la Dar es Salaam, kwa sababu nchi hii ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kwa wastani hewa hupoa kwa kiasi cha nyuzi 6 za Sentigredi katika kila mita 1,000 za kupanda.

Tofauti ya Geita na Shinyanga inatokana na ziwa. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole, lakini nchi kavu hupata joto na kupoa kwa haraka. Mchana, hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata joto, huwa nyepesi na kupanda, na upepo mbichi kutoka ziwani huingia kushika nafasi yake. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa kuliko ziwa, na upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea majini. Pepo hizo hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu husukumwa juu, na mawingu ya radi hutokea, hasa kabla ya mapambazuko.

Mzunguko huu ndio unaowapa wakazi wa mwambao mvua nyingi kuliko watu wa bara. Mvua ya Geita hukaribia milimita 1,000 kwa mwaka au kupita kiwango hicho. Shinyanga kwa kawaida hupata kati ya milimita 600 na 900, tena katika msimu mmoja unaoanza mwezi wa Novemba hadi Aprili au Mei. Kipindi kinachobaki ni cha jua kavu.

FAIDA ZA JOTO

Faida ya kwanza ni kilimo. Nchi isiyojua jalidi huruhusu mazao yapendayo joto, na pamba ni mfano wake mkubwa. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania hutoka katika ukanda wa magharibi unaojumuisha Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita. Mbegu zake nyingi zilizalishwa katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, na ndiyo maana majina yake huanza kwa herufi UK. Mpunga, mahindi na viazi vitamu navyo hustawi pale ambapo maji hayakosekani.

Faida ya pili ni nishati ya bure. Wavuvi hukausha dagaa kwa jua, wakulima hukausha michembe ya viazi na mihogo kwa jua hilo hilo, na hakuna anayelipa hata senti moja kwa kazi hiyo. Katika nchi za baridi, sehemu kubwa ya kuni, mafuta au umeme wa nyumbani hutumika kumkinga mwanadamu na baridi. Gharama hiyo haijulikani katika kijiji cha Kahama au Geita.

Faida ya tatu inahusu nyika yenyewe. Hewa kavu ya Shinyanga huuruhusu mwili ujipoze vyema. Lita 1 ya jasho inapogeuka mvuke juu ya ngozi huchukua kiasi cha kilojuli 2,400 za joto. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 7 za maji kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100. Mjini Dar es Salaam, ambako hewa imejaa unyevu, jasho hutiririka bila kukauka. Ndiyo sababu nyuzi 30 za pwani humchosha mtu kuliko nyuzi 30 za Shinyanga.

JOTO NA MAGONJWA

Hasara huanza pale ambapo joto hukutana na maji yaliyotuama. Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum, ambavyo ndivyo vingi nchini, havina budi kukomaa ndani ya mbu kabla ya kuambukiza mtu mwingine. Chini ya kiasi cha nyuzi 16 ukuaji huo husimama. Hesabu inayotumiwa na wataalamu ni rahisi: gawanya 111 kwa nyuzi zinazozidi 16. Katika nyuzi 18 vimelea huhitaji siku 55 hivi; katika nyuzi 20, siku 28; katika nyuzi 26, siku 11 tu. Mbu wachache sana huishi siku 55, lakini wengi huweza kufikisha siku 11. Hivyo nyuzi chache za joto hutosha kumgeuza mbu asiyedhuru kuwa mbu wa hatari.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta vimelea vya malaria katika kiasi cha asilimia 7 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 kwa nchi nzima. Katika Mkoa wa Geita kiwango hicho kilikuwa kiasi cha asilimia 17.

Kichocho kina kisa chake. Katika mwambao wa ziwa konokono wa jenasi ya Biomphalaria hueneza kichocho cha tumbo. Katika nyika ya Shinyanga konokono wa jenasi ya Bulinus hueneza kichocho cha mkojo katika madimbwi na malambo ya mvua. Mtu angetarajia kwamba kiangazi kingewaua konokono hao. Lakini baadhi yao hujifukia katika tope likaukalo na kulala humo hadi mvua zirudi. Tena viluwiluwi vya kichocho hutoka kwa wingi katika konokono kuanzia karibu na adhuhuri, yaani saa zile zile ambazo joto huwafukuza watoto kutoka barabarani na kuwapeleka majini kuogelea.

Ziwa nalo lina hasira zake. Radi za usiku zilizoelezwa hapo juu huwakuta wavuvi wa dagaa wakiwa kazini na taa zao. Kina cha maji pia hakitulii, kwa kuwa kiasi cha asilimia 80 ya maji yaingiayo ziwani ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 lilishuka sana. Na mwaka 2020 lilipanda tena na kufunika mashamba na makazi ya mwambao.

MASHIMO YA DHAHABU

Dhahabu ya Geita imo katika miamba ya kale sana, yenye umri unaozidi miaka milioni 2,600. Mgodi wa enzi ya ukoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa kisasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Pamoja na migodi mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, na hao ndio wanaoishi karibu zaidi na hasara za joto.

Kwanza, shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua. Dimbwi la namna hiyo, dogo, lenye kupigwa na jua na lisilo na majani, ndilo wanalolipenda baadhi ya mbu hodari zaidi katika kueneza malaria. Pili, ndani ya shimo la kuchimbia hewa hutulia na kujaa unyevu. Jasho la mchimbaji haligeuki mvuke ipasavyo, na faida ile ya hewa kavu humponyoka hata kama juu ya ardhi ni kiangazi.

Tatu ni zebaki, ambayo hutumiwa kukusanya chembe za dhahabu na kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Wengi hudhani hatari iko kwenye moto tu. Kumbe zebaki hutoa mvuke hata ikiwa imetulia bakulini. Na kiasi cha mvuke unaoweza kujaa hewani huongezeka zaidi ya maradufu joto linapopanda kutoka nyuzi 20 hadi 30. Chupa ya zebaki iliyoachwa wazi ndani ya chumba chenye paa la bati ni hatari zaidi kuliko chupa hiyo hiyo katika nchi ya baridi. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na hudhuru ubongo na figo. Kufunika chombo, kuchomea mbali na makazi, na kutumia kifaa cha chuma kilichofungwa ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ni hatua zilizo ndani ya uwezo wa wachimbaji.

FUNZO LA SHINYANGA

Je, hasara hizi ni amri ya jua? Historia ya Shinyanga inajibu kwamba sivyo.

Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya C.F.M. Swynnerton. Mbung'o huhitaji kivuli, na njia moja iliyotumika ilikuwa kufyeka vichaka katika maeneo makubwa. Njia hiyo ilifaulu: mbung'o walirudi nyuma, na ng'ombe na pamba vikaenea. Lakini miti iliendelea kukatwa kwa ajili ya mashamba, kuni na mkaa. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 nayo iliwahamisha watu kutoka katika maeneo yao ya zamani, na ngitili zao zikaachwa. Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho wakati wa masika ili majani na miti isitawi, kisha kulifungua katika kiangazi.

Ardhi iliyokosa kivuli ilipigwa na jua bila kizuizi. Maji ya mvua yalitiririka na udongo badala ya kuzama. Hali ilifikia mahali ambapo Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 1984, aliitaja Shinyanga kuwa jangwa la Tanzania. Joto la Shinyanga halikuwa jipya. Kilichobadilika ni kwamba joto lilikuta ardhi tupu.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI. Baada ya kujifunza kutoka kwa wanavijiji, wataalamu waliirudia ngitili. Mwaka huo zilihesabiwa kiasi cha hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2003, katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule ambao ulikuwa mkubwa kuliko wa leo, zilikuwa zimefikia angalau hekta 350,000 katika vijiji 833. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuni, malisho, dawa, asali na matunda ya ngitili vilikuwa na thamani ya kiasi cha dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Mwaka 2009 ukazinduliwa pia mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga.

Bomba na ngitili hufanya kazi mbili tofauti. Bomba huleta maji; kivuli huyatunza yaliyopo. Lambo la hekta 1 likipoteza milimita 5 tu za kina kwa siku kwa sababu ya jua na upepo, limepoteza lita 50,000, ambazo zingewanywesha ng'ombe zaidi ya 1,000.

Sasa swali linahamia Geita. Huko miti hukatwa kwa ajili ya nguzo za mashimo, mkaa na mashamba mapya, na kwa kuwa mvua ni nyingi, hasara haionekani upesi. Shinyanga nayo haikugeuka nyika tupu kwa mwaka mmoja. Ilichukua zaidi ya miaka 50, na kila mti uliokatwa ulikuwa na sababu nzuri siku ile ulipokatwa.

Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuanza kulichunguza jambo hili bila maabara. Chukua makopo mawili yanayolingana, yajaze maji kwa kina sawa, na uyafunike kwa wavu ili ndege wasinywe na mbu wasitage. Weka moja penye jua na jingine chini ya mti wenye majani. Kila jioni pima kina cha maji kwa rula, na joto la maji kwa kipimajoto, kwa muda wa siku 7. Tofauti kati ya makopo hayo ikizidishwa kwa eneo la lambo la kijiji itawapa wanafunzi kiasi cha maji ambacho kijiji chao hupoteza kwa kukosa kivuli. Hesabu hiyo ipelekwe kwa wazee wa kijiji, ambao wengi wao bado wanakumbuka mahali zilipokuwa ngitili.