Kilo 80 Mgongoni: Hesabu ya Farasi katika Vilima vya Masisi

Masisi, mashariki mwa Kongo, ni nchi ya ng'ombe na jibini, farasi ni adimu. Mzigo wa huku hupanda chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili), pikipiki au mgongo wa mama. Hata hivyo, baridi na majani ya vilima hivi vinamfaa farasi, na mfugaji aliyechoka kuteleza topeni akikagua ng'ombe wake anaweza kumtamani. Kabla ya kutafuta tandiko, apige hesabu.

Kwanza uzito. Kanuni inayotumika sana ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake. Farasi wa kilo 400 ana nafasi ya kilo 80, na si za mpandaji peke yake. Tuseme tandiko na hatamu ni 10. Bendeji, pamba, kipimajoto, mkasi na maji safi ya kuoshea kidonda ni 4. Koti la mvua, kamba, tochi na chakula ni 3. Mpandaji amebakiwa na 63. Mtu wa kilo 75 ana njia moja tu: kushuka na kutembea kila mteremko mkali unapoanza, na Masisi hiyo ni sehemu kubwa ya safari.

Pili damu. Farasi huyo ana lita 30 hivi mwilini. Lita moja ikimwagika njiani inatisha macho, lakini ni kama asilimia 3 tu. Kinachomwangusha ni kidonda kinachoachwa kivuje huku watu wakibishana. Kandamiza kitambaa kinene kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza kitambaa juu yake, usiondoe cha kwanza. Pepopunda nayo humpenda farasi kuliko wanyama wengi, basi chanjo yake, dozi mbili zilizopishana wiki nne hivi, itangulie safari ya kwanza.

Akiwa ametulia, moyo wa farasi mzima hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, naye hupumua mara 8 hadi 16, na joto lake ni nyuzi 37.5 hadi 38.5. Gusa mshipa chini ya taya, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Katika mashindano ya farasi ya masafa marefu, kikomo cha kawaida baada ya kupumzishwa ni mapigo 64. Ambaye mapigo yake hayajashuka hapo haruhusiwi kuendelea. Bonyeza ufizi kwa kidole: wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Dawa ya maumivu ya tumbo hupimwa kwa kilo za mnyama, kwa hiyo daktari wa mifugo aandike kipimo kwenye karatasi mapema, mkiwa bado nyumbani.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukosea, ni kilomita. Farasi mzima hutembea kilomita 6 kwa saa. Anayechechemea labda 2. Ondoka saa tatu asubuhi, fika kilomita 12 saa tano. Akiumia hapo, mtarudi kwa saa sita, saa kumi na moja jioni, giza likibakiza saa moja tu. Ongeza kilomita 3 na kurudi kwenu ni saa moja usiku. Hakuna wa kumbeba kilo 400, hata wakikusanyika wanaume wa kijiji kizima. Karibu na mji wa Sake kuna jambo jingine: mawe ya lava hukata kwato, na maji huzama ardhini, wakati farasi anahitaji lita 25 hadi 40 kwa siku.

Walikale, jirani ya Masisi, usijaribu. Ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi yenye 4,734, na sehemu kubwa ni msitu wa mabonde yenye joto. Misitu ya namna hiyo ndiyo makazi ya mbung'o, na nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o, humuua farasi haraka. Huko pikipiki ina haki yake.

Na vita. Waasi wa M23 waliingia Masisi-kati Januari 2025 na Walikale-kati Machi mwaka huo. Mabomu ambayo hayajalipuka hubaki vichakani baada ya mapigano, kwa hiyo usikate njia ya mkato. Fuata njia iliyokanyagwa na ng'ombe wiki hii, na kila asubuhi uliza wachungaji kabla ya kufunga mkanda wa tandiko.