Je, Wajua? Printa Unainunua Mara Moja, Wino Kila Mara

Je, wajua kwamba printa ya wino ina undugu na wodi ya wagonjwa wa moyo? Rune Elmqvist, daktari wa Uswidi aliyegeukia uhandisi, alipata hataza mwaka 1951 ya mtambo uliorusha uzi mwembamba wa wino juu ya karatasi ili kuchora mapigo ya moyo. Ni yeye huyohuyo aliyetengeneza kifaa cha kwanza cha kuuendesha moyo kilichopandikizwa mwilini mwa mgonjwa, mwaka 1958.

Printa za matone tunazozijua zilikuja baadaye, na mojawapo ilianza kwa bahati. Mwaka 1977 huko Japani, Ichiro Endo wa Canon aliona chuma cha moto cha kulehemia, kama kile cha mafundi redio, kikigusa sindano ya bomba lililojaa wino. Wino ukachupa. Mpaka leo printa za Canon na HP za nyumbani hufanya vivyo hivyo: nyuma ya kila kitundu kuna kikanza kidogo kinachofika nyuzi 300 hivi za Selsiasi kwa mikrosekunde chache, kiputo kinavimba, tone linatoka. Epson hawachemshi wino. Wao hutumia kipande kinachojikunja umeme ukikipitia na kulisukuma tone nje, tabia inayotokana na uvumbuzi wa ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, wa mwaka 1880.

Mnunuzi anahusika vipi na hayo? Katika printa nyingi za bei ya chini, hedi, yaani sehemu yenye vile vitundu, imeungwa kwenye katriji yenyewe. Ikiziba, unatupa katriji na kuweka nyingine. Katika printa za tangi za Epson, zinazojazwa wino wa chupa, hedi ni ya kudumu, na ikikaukia wino ndani inakuwa kazi ya fundi. Canon na HP wana printa za tangi ambazo hedi zake huchomolewa na kubadilishwa.

Na tone lenyewe? Katika printa nyingi ni pikolita chache tu. Tukichukua tone la pikolita 3, kijiko kimoja cha chai kinabeba matone zaidi ya bilioni 1.6.

Hapa ndipo penye pesa. HP DeskJet ya mwaka 1988 iliuzwa dola 995. Siku hizi printa ndogo yenye rangi hupatikana kwa chini ya dola 100, na faida ya mtengenezaji imehamia kwenye wino. Usisome bei iliyo kwenye boksi la printa. Geuza boksi la wino usome idadi ya kurasa. Katriji ya kawaida ya HP 305 ya rangi imekadiriwa kurasa 100, nyeusi 120. Chupa za rangi za Epson 003, mililita 65 kila moja, zimekadiriwa kurasa 7,500 zikitumika pamoja. Mzazi mwenye mtoto anayeletewa kila wiki kazi ya kuchapa picha za wanyama na ramani anamaliza katriji kabla muhula haujafika katikati. Kwa nyumba ya namna hiyo, sioni sababu ya kununua printa ya katriji, hata iwe nusu ya bei.

Hata hivyo, hizo kurasa 100 ni za maabara. Kipimo cha kimataifa, ISO/IEC 24711, hutumia kurasa tano maalumu zinazochapwa mfululizo hadi wino uishe. Nyumbani hatuchapi hivyo. Printa ikikaa wiki mbili kisha ikawashwa, huanza kujisafisha, na hujisafisha kwa wino. Mwenye kuchapa ukurasa mmoja mara mojamoja anaweza kumwaga wino mwingi kwenye usafi kuliko kwenye karatasi. Ukurasa mmoja wa rangi kila wiki unatosha kuviweka vitundu wazi.

Printa za tangi zilitangulia mitaani kabla ya kiwandani. Watu walikuwa wanatoboa katriji, wanaunga mipira na kuning'iniza makopo ya wino ubavuni mwa printa. Mwaka 2010 Epson walianza kuuza nchini Indonesia L100, printa iliyokuja na matangi yake kutoka kiwandani. Washindani wakafuata.

Je, wajua kwamba unaweza kuishiwa wino wa njano kwa kuchapa barua nyeusi? Baadhi ya printa huchanganya rangi tatu ili kupata weusi, hasa ukiwa umechagua karatasi ya picha, na nyingine hugoma kabisa rangi moja ikiisha. Katriji moja yenye rangi zote tatu ni mbaya zaidi: majenta ikiisha, unatupa njano na samawati zilizobaki.

Kuhusu wino wenyewe, kuna wa rangi iliyoyeyuka, unaong'aa vizuri kwenye picha lakini huchuruzika ukilowa, na kuna wa chembechembe, unaostahimili maji na mwanga. Printa nyingi huweka chembechembe kwenye nyeusi pekee, na kwa kazi za shule mchanganyiko huo unafaa.

Wino wa kujisafishia nao huenda mahali: kwenye sponji iliyofichwa chini ya printa. Printa inahesabu, na hesabu ikifika kikomo inagoma kuchapa. Mashine mpya kadhaa zina kisanduku cha sponji unachobadilisha mwenyewe, nami ningelipia zaidi kidogo kukipata. Ukinunua iliyotumika, muulize muuzaji kama sponji ilibadilishwa au fundi alifuta tu hesabu kwa programu. Kama alifuta hesabu tu, wino utakuja kumwagikia mezani kwako.