Tusomapo kwa Kinyongo

Siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita, nilitoka kliniki ya maradhi ya sukari nikiwa na karatasi ya mashauri mkononi. Niliisoma barazani, tena mara mbili. Mke wangu aliponiuliza wamesemaje, nikamjibu kwa hasira, "Hawa wanataka nisifunge!"

Aliichukua akaisoma taratibu. "Mbona haikukataza, bwana?" Kweli, haikukataza. Ilisema nimwone daktari anipangie saa za dawa. Na nikitokwa na jasho, nikitetemeka au moyo ukinienda mbio, nipime damu mara moja. Sukari ikishuka chini ya 3.9, nifungue papo hapo. Yote hayo niliyasoma kwa macho yangu mawili, na hata moja sikulikumbuka.

Nilidhani ni uzee. Kumbe jambo hili wataalamu walilichungua zamani. Mwaka 1943, huko Marekani, Jerome Levine na Gardner Murphy waliwasomesha wanafunzi waliopenda ukomunisti na walioupinga maandishi ya pande zote mbili. Kila kundi lilishika zaidi yale yaliyolipendeza. Wahenga wetu walikwisha sema: ukipenda, chongo huita kengeza. Lakini si daima. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mpinzani naye huweza kukumbuka vyema, hasa akisoma kwa makini ili apate la kujibu. Mimi sikutafuta la kujibu, nilinuna tu.

Dawa yake je? Mwaka 1978, Richard Anderson na James Pichert waliwapa watu kisa cha nyumba fulani, wengine wakisome kwa jicho la mwizi, wengine kwa jicho la mnunuzi. Baadaye walipoambiwa wabadilishane macho, walikumbuka mambo ambayo mwanzo hawakuyataja.

Nami nikabadili jicho. Nikaisoma tena karatasi ile kana kwamba naisomea ndugu yangu mgonjwa, kisha nikarudi kwa daktari tukapanga dawa.

Siku ya tisa ya mfungo, baada ya alasiri, mikono ikaanza kunitetemeka. Zamani ningejikaza mpaka magharibi. Safari hii nikapima: 3.4. Nikanywa maji ya sukari. Mola mwenyewe amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua, alipe siku nyengine. Na siku ile nimekwisha ilipa.