Kuteka na kucheka ni ndugu wa mzizi mmoja

MGENI aingiapo mjini Amu akaulizwa, "Mbona wateka?" huenda akashangaa, maana katika Kiswahili sanifu kuteka ni kuchota maji kisimani, au kutwaa kwa nguvu. Mwenyeji wake hakukusudia hayo. Amemuuliza kwa nini anacheka.

Tofauti hiyo si ya neno moja. Maneno mengi ya asili ya Kibantu yaliyo na sauti "ch" katika Kiunguja huwa na "t" katika Kiamu. Macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, mchanga ni mtanga na kuchinja ni kutinda.

Wako wadhanio kwamba Waamu wameliharibu neno la Kiswahili. Lugha jirani zaonyesha vingine. Mgiriama husema kutseka, Mkikuyu gutheka, Mganda okuseka, Mnyarwanda guseka, na Mzulu wa Afrika Kusini ukuhleka. Kwa kulinganisha maumbo hayo, wataalamu wa isimu wameonyesha kuwa yote yametokana na kitenzi kimoja cha kale, ambacho kila jamii ilikigeuza sauti ya kwanza kwa njia yake. Basi kuteka hakukuzaliwa na kucheka. Maneno hayo ni ndugu.

Mambo kama hayo yalitokea Ulaya. Kitenzi cha Kilatini cantare, yaani kuimba, kilibaki cantare katika Kiitaliano, lakini katika Kifaransa kikawa chanter. Hakuna asemaye kwamba Wafaransa wamekosea.

Kilichoipa "ch" hadhi ya usanifu ni uamuzi wa watu. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisimamia ikaundwa mwaka 1930. Kabla ya hapo, lahaja za Lamu na Pate ndizo zilizotamba katika ushairi. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake kwa lugha ya huko mwaka 1858.

Leo mwanafunzi wa Lamu akiandika "mato" katika insha huhesabiwa amekosea, na katika mtihani hana budi kuandika "macho". Lakini akielezwa kanuni ya "t" na "ch", atajifunza usanifu upesi zaidi, wala hataionea haya lugha aliyoikuta kwao.