Mfupa wa Ishango na Hesabu ya 46,189

Mashariki ya milima ya Butembo, katika nchi ya Beni, Mto Semliki hutoka katika Ziwa Edouard mahali paitwapo Ishango. Hapo, mwaka 1950, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba ardhi akakuta vyusa vya mifupa vya wavuvi wa zamani sana. Akakuta pia mfupa mdogo, urefu wake sentimeta 10 hivi. Wataalamu hukadiria kwamba una miaka 20,000 hivi. Siku hizi umetunzwa Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji.

Juu ya mfupa huo mtu alikata alama nyingi, katika mistari mitatu. Mstari mmoja una mafungu manne: alama 11, 13, 17 na 19.

Tazameni hesabu hizo. Maharagi 12 hupangika safu 3 za nne-nne, au safu 2 za sita-sita. Lakini maharagi 11, hata mkijaribu mpaka jua lichwe, hayapangiki sawasawa ila katika safu moja tu. Ndivyo zilivyo 13, 17 na 19. Huitwa namba tasa, jina kali kidogo. Na kati ya 10 na 20 hakuna nyingine ila hizo nne.

Sasa zidisheni zote nne. Jibu ni 46,189, nayo ni hesabu kaidi. Tuseme mchuuzi wa Butembo ana punje 46,189 za kahawa, ataka kuwagawia watu sawasawa. Watu 2 hawawezi, maana tarakimu ya mwisho ni 9. Watu 3 hawawezi: 4 + 6 + 1 + 8 + 9 ni 28, na 28 haigawanyiki kwa 3. Watu 7 watapata 6,598 kila mmoja, na punje 3 zitabaki. Lakini wakija 11, kila mmoja apata 4,199 bila masazo. Wakija 13, apata 3,553. Wakija 17, 2,717. Wakija 19, 2,431. Kupita 19 hakuna tena mpaka wafike 143, yaani 11 × 13. Darasa la watoto 40 litagombana bure.

Kwa nini? Kila hesabu hujengwa kwa namba tasa zake, na kwa njia moja tu. Katika 46,189 hamna 2 wala 3 wala 7, basi hazitaonekana kamwe. Ondoeni punje moja: 46,188 yagawanyika kwa 2, 3, 4, 9, hata 36, lakini 11, 13, 17 na 19 zote zimetoka.

Je, mkataji wa Ishango alijua hayo? Wengine hudhani ndiyo. Lakini mstari mwingine una 11, 21, 19 na 9, na 21 ni 3 × 7. Tena jumla ya kila mmoja wa mistari hiyo miwili ni 60, karibu na siku za miezi miwili ya mbalamwezi. Kwa hiyo wengine husema alihesabu siku. Mfupa wenyewe haujibu.

Zoezi: Watu wangapi waweza kugawana punje 1,001 bila masazo? Anzeni na 7.